Wembe Ubavuni mwa Roketi

Msomaji mmoja anauliza: roketi isiyo na mtu ikipotea njia, walio chini huizuiaje isiangukie mji? Zile za mafuta ya maji hufungiwa vali, injini ikazima. Kazi ngumu ni zile za mafuta magumu. Hayo yamechanganywa na oksijeni yake humo humo, na yakishawaka hayazimiki.

Januari 28, 1986, chombo cha anga Challenger kiliposambaratika Florida kikiwa na watu saba, roketi zake mbili za pembeni, za mafuta magumu, zilichomoka zikaendelea kupaa zenyewe. Sekunde ya 110 tangu kuruka, ofisa usalama alizirushia amri ya redio, zikapasuka.

Kilichozipasua kinanivutia kuliko roketi yenyewe. Ni ukanda wa baruti uliolazwa ubavuni, na upande wa ndani umefunikwa bati lililokunjwa kama herufi V, mdomo ukitazama roketi. Chovya viganja kwenye beseni, vishikane chini, viachane juu, kisha vibane ghafla. Maji ya katikati hayana pa kukimbilia ila juu, nayo yanachupa yakiwa membamba, kwa kasi inayoishinda ya mikono yenyewe. Bana pembe zaidi, maji yatakuwa machache lakini yataruka kwa kasi zaidi. Sasa baruti ndiyo mikono, bati ndiyo maji. Mgandamizo ni mkubwa mno hata chuma kinatiririka bila kuyeyuka, kikatoka kama wembe mrefu unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Ukuta wa roketi zile ulikuwa chuma cha unene wa sentimita 1 na kitu. Wembe huo unaupasua kwa urefu. Mgandamizo wa ndani ukishatoka, roketi haina tena cha kuisukuma, hata kama vipande vya mafuta bado vinawaka.

Kwa hiyo hesabu yote ni mahali pa kukata na urefu wa mkato. Aprili 20, 2023, Starship ya SpaceX, ya mafuta ya maji lakini nayo yenye baruti, bila mtu ndani, ilipoteza mwelekeo juu ya Ghuba ya Mexico. Kompyuta yake ikawasha baruti. Matangi yalitoboka, lakini roketi yenye urefu wa mita 120 iliendelea kupinduka angani kama sekunde 40 kabla ya kuvunjika. Mfumo huo uliimarishwa kabla ya safari ya pili, Novemba 18 mwaka huo huo.