Daktari yupo, mgonjwa yupo, kwa nini operesheni inaahirishwa? Jibu linaweza kuwa stoo

Mgonjwa hajala tangu jana usiku. Daktari ameshafika. Halafu tangazo linakuja: operesheni imeahirishwa. Kumbe nyuzi za kushonea zimeisha, au seti ya vifaa bado iko kwenye kutakaswa.

Kuna watu ambao kazi yao ni kuzuia hali kama hiyo: washauri wa huduma za upasuaji na ugavi. Anaweza kuwa muuguzi wa zamani wa thieta, mfamasia au hata mhandisi wa kiwandani.

Anafanya nini hasa?

Kwanza, anaangalia. Operesheni ilipangwa saa 2 asubuhi, imeanza saa ngapi? Muuguzi ametoka mara ngapi kutafuta kifaa? Kisha anaingia stoo: nini kimeisha, nini kimejaa hadi kinapitwa na muda kikiwa kwenye rafu?

Somo kutoka Toyota

Mwaka 2002, viongozi wa hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, Marekani, walikwenda Japani kujifunza mfumo wa uzalishaji wa Toyota. Mbinu mojawapo ni kanban, yaani kadi. Unaiweka kwenye mzigo wa akiba. Ukiufikia, kadi inakwenda stoo na oda inatoka. Hakuna kusubiri rafu ibaki tupu.

Mpangilio si suala la usafi tu. Mwaka 2004, katika hospitali hiyohiyo, mgonjwa wa miaka 69 alifariki baada ya kuchomwa dawa ya kusafishia ngozi badala ya ile inayosaidia mishipa ionekane kwenye picha. Vimiminika hivyo vilifanana, na vyombo havikuwa na lebo. Hospitali ilikiri kosa hadharani na kubadili utaratibu.

Na huku kwetu?

Tanzania ilianza kutumia mbinu za namna hii mwaka 2007, Wizara ya Afya ikishirikiana na Japani. Hospitali ya Rufaa Mbeya ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Inaitwa 5S-Kaizen, na kwa Kiswahili S zake ni: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Yaani toa visivyohitajika, panga vilivyobaki, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, halafu usiuache.

Ngumu kuliko zote ni hiyo ya mwisho. Mshauri akiwepo, kila boksi lina lebo. Akiondoka, je? Ndiyo maana mshauri mzuri hupimwa miezi kadhaa baada ya kuondoka, kwa kuangalia kama muuguzi wa zamu ya usiku bado anapeleka kadi stoo.

Kadi haileti pesa, na bohari ikiwa tupu haina msaada. Lakini pale mzigo ulipo, inahakikisha unafika thieta kabla ya mgonjwa.