Gari likichemka, usikimbilie kununua rejeta

MARA ya kwanza DX ya babu kunichemkia, nilikuwa napanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Mshale wa joto ulipita nusu ukaingia kwenye nyekundu, mvuke ukaanza kufuka kwenye boneti huku malori yakinipigia honi. Babu alikuwa ameniachia Corolla hiyo ya miaka ya 1980 kwa sharti moja tu: nisiiue.

Fundi wa kwanza mtaani hakuuliza swali. "Rejeta imekufa hii," akasema. Nikalipa, akaweka nyingine. Wiki iliyofuata, mlima ule ule, mvuke ule ule. Sasa akataka kufungua hedi. Sikuwa na doo, na kukosa huko ndiko kuliniokoa.

Nilienda kwa mzee mmoja wa jua kali aliyezoea magari ya kabureta. Kabla hajashika spana, akauliza: "Kijana, inachemka ukiwa kwa jam ama ukiwa mbio?"

Uliza hivyo kwanza. Gari likichemka kwenye foleni kisha lipoe ukishika kasi, shuku feni au mkanda wake. Likiwa sawa mjini lakini lichemke mlimani, shuku maji yasiyozunguka vizuri, taimingi iliyochelewa au injini inayokosa petroli.

Tulianza na ya bei rahisi. Injini ikiwa baridi (usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, utaungua), tukaangalia maji, mipira, mkanda na themostati. Hakuna povu ndani ya rejeta, wala oili haikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivyo hapakuwa na dalili kwamba gasketi ya hedi imeungua. Ile hedi ingefunguliwa bure!

Kisha mzee akatoa plagi. Zote nne zilikuwa nyeupe kama chaki. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Nyeusi yenye masizi ina maana petroli imezidi; nyeupe, hewa imezidi.

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo moja ya petroli. Petroli ikipungua wakati injini inavuta mzigo, moto huwaka polepole na joto jingi huishia kwenye hedi na vali. Ukiendelea hivyo kwa muda, vali huungua.

Dalili nilikuwa nazo kitambo, nikizipuuza: gari lilikuwa likisitasita nikikanyaga mafuta, likipiga chafya kwenye kabureta, na sailensa haikutulia.

"Twende mlimani," mzee akasema. Gari lilipoanza kukosa nguvu, akaniambia nivute choki kidogo. Likapata nguvu papo hapo. Choki hupunguza hewa, kwa hivyo gari likifurahia choki injini ikiwa moto, jua linalia njaa ya petroli.

Tuliporudi, filta ya mafuta ilitoa kutu ya tangi, na mpira mmoja mdogo wa vakyumu ulikuwa umepasuka, ukinyonya hewa ya wizi. Ukitegea sikio injini ikinguruma, unasikia ukipuliza kama mluzi. Akabadilisha vyote viwili, akasafisha jeti za kabureta. Bei yake haikufika hata robo ya ile rejeta.

Na wewe mwenye gari la zamani, likichemka simama pembeni, zima, subiri lipoe. Usimwagie injini maji baridi, hedi inaweza kupasuka. Kisha mwambie fundi lilichemkia wapi, ukiwa na mwendo gani, na uombe kuona plagi kabla hujatoa pesa.

Jumapili iliyopita nilipanda tena kutoka Mai Mahiu, babu akiwa kiti cha mbele. Mshale ulikaa nusu hadi juu. Mzee hakusema kitu. Alifungua dirisha akalala.