Chakula cha Mtaani: Kilichoingia Kwenye Sahani na Kilichotoka

Anayeshuka kwenye basi jioni mjini Kibondo au Kasulu hana haja ya kuuliza chakula kiko wapi. Harufu ya mafuta ya moto humwongoza. Pembeni ya mahindi ya kuchoma na karanga tulizozizoea, sasa pana makabati ya vioo yenye chipsi na sambusa, majiko ya mishikaki, karai za soseji, na vikaango vya chapati zinazokunjiwa mayai. Barabara itokayo Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu huleta wasafiri wenye njaa na haraka, na umeme wa gridi ya Taifa umewawezesha wafanyabiashara kuweka majokofu. Wakazi wengi, hasa wazazi, huuliza kama vyakula hivi vya kigeni vinadhuru. Makala haya yanajaribu kujibu.

Tuanze na neno hilo “kigeni”. Chapati ilitufikia kutoka India kupitia pwani. Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Chapati ya mayai ndiyo “rolex” ya Uganda, iliyopata umaarufu miongoni mwa wanafunzi wa Makerere, eneo la Wandegeya jijini Kampala. Lakini muhogo na mahindi navyo vilitoka Amerika, vikaletwa Afrika na Wareno, na maharage asili yake ni huko huko. Mchikichi unaotupatia mawese ni mti wa Afrika Magharibi. Anayetaka kula vya asili pekee atabaki na ulezi, mtama na kunde, na sidhani kama wapo wengi walio tayari. Kwa hiyo ugeni wa chakula si hoja. Hoja ni namna kinavyopikwa, na zaidi ya hapo, ni kitu gani kinaondoka kwenye sahani kinapoingia.

Mlo uliozoeleka katika nyanda zetu ni ugali wa muhogo na maharage, au sombe iliyoungwa kwa mawese, pamoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapopatikana. Unga wa muhogo hutia nguvu lakini una protini kidogo mno. Anayeujenga mwili ni harage, dagaa na mboga ya majani. Sasa mtazame mtoto anayepewa fedha asubuhi badala ya kifungua kinywa. Hununua chapati na chai ya rangi. Mchana hununua chipsi. Ameshiba, na mzazi ameridhika. Hata hivyo, siku nzima amekula wanga na mafuta, na harage halikumgusa. Tena chai hiyo, inaponywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu. Mtoto wa namna hii hakondi haraka, ndiyo maana tatizo halionekani; hudumaa polepole. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Inasikitisha kwamba hayo yanaweza kutokea Kasulu na Kibondo, wilaya zinazolima maharage na kuyauza mikoa mingine.

Kwa watu wazima hatari ni ya upande wa pili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya asilimia 9 wana kisukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, tukihesabu na ile iliyomo tayari ndani ya soseji. Kuhusu sukari, linashauri isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37. Chipsi mayai, ambayo vijana huiita zege, ikisindikizwa na soda kila jioni, ni mzigo ambao mwili wa dereva wa bodaboda anayekaa kutwa nzima hauwezi kuutumia wote.

Suala la mafuta linahitaji maelezo zaidi. Mafuta yakichemshwa mara nyingi huvunjika na kutoa kemikali zisizofaa kwa mishipa ya damu. Dalili zake huonekana kwa macho: huwa meusi na mazito, hutoa povu, na hufuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Mafuta ya namna hiyo ni ya kumwaga. Kuyaongezea mapya juu yake hakuyatakasi. Mawese nayo yana jambo lake. Ule wekundu wake ndio chanzo cha vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Anayeyachemsha mpaka yapoteze rangi ili yakaangie vizuri ameunguza kile ambacho tungejivunia. Mawese mabichi hufaa kuungia mboga na maharage. Kwenye karai la chipsi hayana faida hiyo.

Halmashauri haina nia ya kuwaondoa mama lishe na wakaanga chipsi barabarani. Biashara hizi zinasomesha watoto na kulisha kaya nyingi, na mwandishi mwenyewe ni mteja wao. Kinachotakiwa ni mtoa huduma ya chakula kupimwa afya kila baada ya miezi sita, kuwa na maji ya kunawia yanayotiririka, na kufunika chakula. Mteja naye ana haki ya kutazama karai kabla ya kulipa. Chaguo bora kuliko yote, tena la bei nafuu, tayari lipo kwenye vibanda vingi: chapati kwa maharage, na kipande cha chungwa au kachumbari iliyooshwa vizuri, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya harage. Chai isubiri saa moja.

Kuhusu wanafunzi, wazazi wanakumbushwa kwamba debe la mahindi na maharage linalochangwa kwa ajili ya chakula cha shuleni humlisha mtoto vizuri kuliko fedha anayopewa mkononi. Mwenye swali, au mwenye mtoto chini ya miaka mitano ambaye hajapimwa, afike kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Hapo watoto hupimwa mzunguko wa mkono na kina mama huoneshwa mapishi. Tarehe ya kijiji chako hutolewa na Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Malalamiko kuhusu usafi wa kibanda chochote yapelekwe kwa Ofisa Afya wa Kata.