Alama ya Kosa Haimwonyeshi Mwanafunzi Alipokosea

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiambiwa athibitishe kwamba eˣ ni sawa na mfululizo wake wa Taylor, mara nyingi hutafuta derivativi zote kwenye sifuri, huandika mfululizo, hutumia jaribio la uwiano kuonyesha kuwa jumla inatulia kwa kila x, kisha humaliza: kwa hiyo jumla hiyo ni eˣ. Jibu ni la kweli, ila mstari wa mwisho haujathibitishwa. Msahihishaji mwenye haraka ama humpa vema, ama huchora kosa na kuandika “haijakamilika”. Kwa vyovyote, mwanafunzi anabaki palepale. Jumla kutulia ni jambo moja, na kutulia kwenye eˣ ni jambo jingine kabisa.

Maoni yenye faida huugusa mstari huo na kuuliza swali. Nyenzo ipo tangu miaka ya 1820, pale mwanahisabati Cauchy alipoonyesha fankisheni e^(−1/x²), ikipewa thamani 0 kwenye x = 0. Derivativi zake zote hapo ni 0, hivyo mfululizo wake ni sifuri tupu na unatulia kila mahali, ilhali fankisheni yenyewe si sifuri penginepo pote. “Je, hoja yako inasemaje kuhusu hii?” Swali hilo pembeni mwa karatasi latosha kumfanya atafute baki, yaani tofauti kati ya eˣ na jumla ya vipengele vya mwanzo, na kuonyesha kuwa inaelekea sifuri. Wala asijione mjinga: mwaka 1797 mwanahisabati Lagrange alijaribu kuijenga kalkulasi nzima juu ya mifululizo hii, na mfano wa Cauchy ukaubomoa msingi huo. Ajabu ni kwamba kanuni ya baki inayotumika zaidi madarasani ina jina la Lagrange huyohuyo.

Wapo watakaosema wanafunzi ni mamia na muda hakuna. Kweli, lakini kosa hili hurudiwa na wengi, na swali moja lililotungwa vizuri huwafaa wote. Wengine watauliza kwa nini wasigawiwe tu ithibati kamili. Wanafunzi wataisoma, wataikubali, na bado hawatajua yao ilivunjikia wapi. Kuhusu alama, utafiti wa Ruth Butler wa mwaka 1988, uliofanywa kwa watoto wa shule, ulionyesha kwamba maoni peke yake yaliinua kazi zao, lakini yalipoambatana na alama faida hiyo ilitoweka. Watu wazima huenda wakatofautiana na watoto, ila kulijaribu jambo hili ni rahisi: wahadhiri, rudisheni karatasi zikiwa na maswali tu, na alama zifuate baada ya masahihisho.