Kukosa Hamu ya Kula kwa Binadamu na Paka

Katika bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, wakulima hulima vitunguu kwa maji ya kumwagilia, na ni vigumu kukuta jiko lisilokuwa na kitunguu. Mgonjwa anapokataa chakula, harufu ya kitunguu kinachokaangwa yaweza kumrudishia hamu. Lakini mchuzi huohuo akipewa paka wa nyumbani aliyeacha kula, waweza kumdhuru hata kumwua. Kwa nini kinachomfaa mmoja kiwe sumu kwa mwingine? Ili kulijibu swali hili, yafaa kwanza kuelewa jinsi hamu ya kula inavyoongozwa mwilini.

Njaa hutoka wapi?

Watu wengi hudhani ya kwamba njaa hutoka tumboni. Kwa hakika tumbo ni mjumbe tu; mwamuzi ni ubongo. Chini ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo hupokea habari kutoka pande zote za mwili. Tumbo likiwa tupu hutoa homoni ya grelini, iliyotambuliwa na wanasayansi wa Japani mwaka 1999, nayo huchochea hamu. Seli za mafuta nazo hutoa leptini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ya mwili ingalipo. Pua, ulimi na macho huongeza habari zao. Mpango huu ni mmoja kwa binadamu na kwa paka.

Maradhi huizuiaje hamu?

Vijidudu vinapoingia mwilini, chembechembe za kinga hutoa protini zinazopeleka habari hadi kwenye ubongo, na hamu hupungua. Sehemu ya maarifa haya ilitokana na ugonjwa unaojulikana sana Afrika. Tripanosoma, vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o, huwakondesha wanyama kupita kiasi hata vinapokuwa vichache katika damu. Anthony Cerami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwachunguza sungura walioambukizwa vijidudu hivyo, na kufikia mwaka 1985 walikuwa wametenga protini waliyoiita kakektini. Protini hiyo haitoki kwa kijidudu. Hutengenezwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kukosa hamu, kama ilivyo homa, ni dalili, na dalili huondoka chanzo chake kinapotibiwa.

Jambo hilo lilithibitishwa vizuri na kundi la watafiti lililomjumuisha Dk. Michael Latham, mtaalamu wa lishe aliyezaliwa Kilosa mwaka 1928, akafanya kazi ya udaktari Tanzania, na baadaye akafundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1993, wavulana wa shule nchini Kenya waliokuwa na minyoo, ikiwemo ya safura, walipewa dozi moja tu ya dawa ya albendazoli. Baada ya miezi minne hamu yao ya kula, ukuaji wao na nguvu zao vilikuwa vimeongezeka. Mwaka 1994 ulifuata uchunguzi mwingine: watoto wenye upungufu wa damu walipopewa madini ya chuma, nao walikula zaidi. Hamu yao ilipimwa kwa njia rahisi: kila mtoto alipewa uji anywe kadiri apendavyo, na kiasi alichokunywa kikapimwa. Mzazi anayemgombeza mtoto mchaguzi wa chakula angefanya vema kumpeleka kwanza zahanati akapimwe choo na damu.

Paka ana maumbile yake

Paka akiacha kula, watu husema amezira. Mara nyingi yeye hawezi kula. Paka huchagua chakula kwa kunusa, hata mafua yakiziba pua yake, chakula huwa hakimvutii tena. Sukari haimsaidii: mwaka 2005 ilibainika ya kwamba jeni mojawapo inayohitajika kuonja utamu imeharibika katika ukoo mzima wa paka, pamoja na chui-milia.

Zaidi ya hayo, paka hana muda mrefu wa kungoja. Mtu mzima mwenye afya aweza kukaa siku kadhaa bila chakula, mradi anywe maji. Paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini kwa wingi kupita uwezo wa ini kuyatumia. Ini hujaa mafuta, na ugonjwa huo wenyewe humzidishia kukosa hamu. Asipotibiwa hufa.

Kuhusu kitunguu, kampaundi zake za salfa huharibu himoglobini ya paka, chembechembe nyekundu za damu zikavunjika, naye akapungukiwa damu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na kitunguu saumu nacho kina madhara hayo. Kadhalika asipewe parasetamoli: ini lake limepungukiwa na kimeng'enya cha kuiondolea sumu, na hata nusu ya kidonge yaweza kumwua.

Yafaayo kutendwa

Mtu aliyepoteza hamu apewe chakula kidogo mara nyingi, chenye nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, kama vile uji uliotiwa karanga zilizosagwa, pamoja na maji ya kutosha. Asilazimishwe. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepatwa na degedege au aliyelegea, apelekwe hospitali mara moja.

Paka asafishwe pua kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kisha apewe samaki au nyama isiyo na kiungo chochote, iliyopashwa moto kufikia joto la mwili. Akipita siku nzima bila kula, aonwe na daktari wa mifugo. Mtoto wa paka asingojewe hata hivyo.

Jaribio la darasani

Kata vipande vidogo vya embe bichi na vya tango vilivyo sawa kwa ukubwa. Mfunge mwanafunzi kitambaa machoni, mwambie abane pua, kisha mpe kipande kimoja kimoja atafune. Andika kama anatambua ladha ya uchachu tu au anatambua tunda lenyewe. Kisha aachie pua na kurudia. Linganisheni majibu ya darasa zima, na mjadiliane: ikiwa binadamu, ambaye aweza kuona na kuambiwa anachokula, hupotewa kiasi hicho pua yake ikizibwa, je, hali ya paka mwenye mafua ni ipi?