Ushuru, taka na uwanja: nani anaamua?

Kila halmashauri ina maswali matatu ya kujibu. Halmashauri ya jiji inayo. Halmashauri ya wilaya inayo. Hata halmashauri ya kijiji inayo.

Swali la kwanza: wananchi watoe fedha kiasi gani kwa ajili ya maendeleo? Swali la pili: ni kazi zipi tuzifanye pamoja na jirani zetu? Swali la tatu: ni ardhi ipi tuiache wazi, isijengwe?

Ndugu msomaji, usiseme mambo haya ni ya watu wa mjini tu. Tuangalie yaliyotokea Dar es Salaam. Kisha tutazame kijijini kwetu.

Fedha za halmashauri

Halmashauri haina shamba la fedha. Sehemu ya fedha zake hutoka serikali kuu. Sehemu nyingine hutoka kwa wananchi, kwa njia ya ushuru na ada.

Wazee wanaikumbuka kodi ya maendeleo. Kila mtu mzima alidaiwa, awe na kitu au asiwe na kitu. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Upo pia ushuru wa mazao. Mwaka 2017 ushuru huo ulipunguzwa. Kabla ya hapo ulifika asilimia 5. Ukashushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tupige hesabu. Mahindi ya shilingi 1,000,000 yalitozwa hadi shilingi 50,000. Baada ya kupunguzwa, yalitozwa shilingi 20,000.

Anayelipa ushuru huo ni mnunuzi. Lakini mnunuzi akitozwa sana, naye hupunguza bei kwa mkulima. Kwa hiyo mkulima ana haki ya kuuliza: fedha hizi zimefanya nini?

Kipindupindu kilifundisha

Mwaka 1972 serikali ilianza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya ziliondolewa, na baadaye kidogo zile za miji. Kazi zao zilihamia kwa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa kupeleka maendeleo karibu na watu.

Lakini mijini kazi nyingi zilikosa mwenyewe. Taka zilirundikana. Mifereji iliziba. Mwaka 1977 na 1978 kipindupindu kilizuka nchini. Mwaka huo wa 1978 sheria ilipitishwa kurudisha halmashauri za miji. Zile za wilaya zilirudi mwaka 1984.

Hapo tunapata fundisho. Kazi ya usafi ikikosa mwenyewe, ugonjwa huingia.

Jaa la taka liwekwe wapi?

Mji wa Dar es Salaam ulikua upesi. Mwaka 1967 ulikuwa na watu wapatao 270,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa mkoa huo una watu zaidi ya 5,300,000. Watu wengi huleta taka nyingi.

Kwa miaka mingi taka zilimwagwa Tabata. Wakazi wa Tabata waliteseka kwa moshi, harufu na nzi. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu wakashinda. Baadaye Jiji lilihamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao walishtaki, na mwaka 1991 wakashinda. Taka zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi.

Mwaka 2000 Dar es Salaam iligawanywa katika manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Juu yake iliwekwa Halmashauri ya Jiji kwa mambo ya pamoja. Jaa la Pugu liko upande wa Ilala, lakini taka za Kinondoni na Temeke nazo zilipelekwa huko. Mwaka 2021 Halmashauri hiyo ya Jiji ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji.

Kazi ya pamoja hupunguza gharama. Manispaa tatu hazina haja ya majaa matatu. Lakini kila mtu anataka gari la taka lipite kwake, na hakuna anayetaka jaa liwe kwake. Faida ni ya wote, na mzigo ni wa wachache. Hao wachache waulizwe kabla, si baada. Watu wa Tabata waliteseka, na ndiyo maana walikwenda mahakamani.

Uwanja ukijengwa haurudi

Katikati ya Dar es Salaam kuna uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakoloni waliuacha wazi ili kutenga makazi ya Waafrika wa Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Nia yao ilikuwa mbaya. Lakini baada ya Uhuru wananchi waliufanya uwanja wao. Leo Mnara wa Uhuru umesimama hapo. Watu hupumzika kivulini na kufanya mikutano.

Viwanja vingine vya wazi mjini havikubahatika. Kwenye ramani vilikuwa vya watoto kuchezea. Watu wakavivamia, wakajenga. Ushuru ukizidi, unaweza kupunguzwa mwaka ujao. Jaa la taka linaweza kuhamishwa. Lakini uwanja uliojaa nyumba ni vigumu sana kuurudisha.

Sisi kijijini tufanye nini?

Msasani na Kunduchi vilikuwa vijiji vya wavuvi. Leo ni sehemu ya mji. Mji hutembea, na kijiji chako kinaweza kuwa njiani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa nguvu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamke na mwanamume. Hapo mnaweza kutenga eneo la mpira, la soko, la maziko na la miti. Liandikwe katika muhtasari wa mkutano na liwekewe alama za mipaka. Fanyeni hivyo sasa, wakati ardhi ipo.

Jadilianeni

1. Katika mkutano uliopita, je, mlisomewa mapato na matumizi ya kijiji?
2. Ni kazi gani mnaweza kuifanya pamoja na kijiji jirani? Kisima? Josho? Barabara?
3. Mzigo wa kazi hiyo utamwangukia nani? Je, ameulizwa?
4. Watoto wenu watacheza wapi miaka 20 ijayo?