Hospitali Haitafutwi Usiku wa Homa
(Mgeni Jijini – Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia nyumba na shule, mambo ambayo kila anayehamia Dar es Salaam huyaulizia kabla hata hajafunga mizigo. Leo tunaingia katika jambo la tatu, ambalo wengi wetu hatulitafuti mpaka litutafute lenyewe: hospitali na daktari.

Nianze na yaliyonipata. Nilihamia jijini kutoka Iringa na mke wangu na mtoto wa miaka mitatu, tukapanga Mbezi. Juma la pili, saa tatu usiku, mtoto akashikwa na homa kali. Nilikuwa na jina moja tu la hospitali kichwani, Muhimbili, kwa kuwa ndilo nililolisikia redioni tangu utotoni. Tukakodi teksi, tukaingia Barabara ya Morogoro mvua ikinyesha na magari yamesimama. Tulifika baada ya saa mbili, mwili wa mtoto unawaka na macho yameanza kupinduka. Alihudumiwa, akapona. Tuliporudi asubuhi, mama mmoja jirani alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu," akaniambia, "kituo cha afya si kipo hapo nyuma ya soko, na usiku kuna daktari wa zamu? Mbona hukutugongea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekagua bomba la maji, luku na paa la nyumba, lakini sikuwa nimeuliza mtoto akiugua tunakwenda wapi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Somo la leo limo ndani ya methali hiyo: mgeni aanze kwa kuijua huduma iliyo karibu na mlango wake, aijue akiwa mzima, na hospitali kubwa aifikie kwa njia iliyopangwa.

Ili tuelewane, tuanze na ngazi. Huduma za afya nchini mwetu zimepangwa kama ngazi ya nyumba. Chini kabisa ipo zahanati, juu yake kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu zaidi zipo hospitali za kanda, kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, na mwisho Hospitali ya Taifa Muhimbili pamoja na taasisi za ubingwa. Mkazi wa Dar es Salaam ana hospitali tatu za rufaa za mkoa anazopaswa kuzijua kwa majina: Amana kwa upande wa Ilala, Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, na Temeke.

Kila ngazi ina kazi yake. Homa, kikohozi, kuhara, kidonda, shinikizo la damu lililotulia, chanjo na kliniki ya wajawazito ni kazi za ngazi za chini. Rufaa hutolewa pale ngazi moja inapofika mwisho wa uwezo wake, na barua ya rufaa humweleza daktari wa juu kilichokwisha kuonekana, kilichopimwa na dawa zilizotolewa. Mgonjwa anayeruka ngazi hufika mikono mitupu, akaanza upya katikati ya foleni ndefu. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022; kila mwenye mafua akienda Muhimbili, aliyevunjika mguu atasubiri. Dharura ya kweli ndiyo isiyongoja barua: anayevuja damu, anayeshindwa kupumua au aliyepoteza fahamu hupelekwa mara moja panapofikika kwa haraka na penye uwezo wa kumhudumia.

Wapo pia wageni wanaokuja jijini na ugonjwa unaojulikana. Hawa ni lazima wazijue taasisi za ubingwa mapema. Maradhi ya moyo yana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na mifupa, ubongo na uti wa mgongo vina Taasisi ya Mifupa, MOI. Zote mbili zimo katika eneo la Muhimbili, Upanga. Saratani ina Taasisi ya Ocean Road, kando ya bahari. Macho, ulemavu wa viungo na fistula ya uzazi vina hospitali ya CCBRT, Msasani. Na mkazi wa Kibamba au Kiluvya asisahau kwamba Muhimbili ina tawi Mloganzila, upande wake huohuo wa jiji. Si lazima aivuke foleni yote hadi Upanga.

Sasa turudi mtaani. Juma la kwanza la kuhamia, chagua siku usiyo na kazi nyingi, utembee kwa miguu au kwa bodaboda mpaka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Waulize majirani, hasa akina mama wenye watoto wadogo, kwani hao ndio wenye habari za hakika: wapi dawa zinapatikana, wapi muuguzi anajibu kwa upole, wapi usiku mlango unafungwa. Ukifika, uliza mapokezi mambo machache. Je, kuna daktari usiku na sikukuu? Maabara inafanya kazi saa ngapi? Kipo chumba cha upasuaji, na damu ya kuongezewa inapatikana? Mgonjwa akizidiwa anapelekwa hospitali gani, na kwa gari la nani? Kuuliza si ujinga, na mhudumu mwema hataudhika.

Swali la upasuaji ni la uzito wa pekee kwa familia inayotarajia mtoto. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye shinikizo la damu au mwenye mapacha hatakiwi kupangiwa kujifungulia pasipo na chumba cha upasuaji kinachofanya kazi usiku. Aamue na mhudumu wa kliniki mapema, si uchungu ukishaanza. Na kila nyumba yenye mjamzito iandike ukutani namba 115 ya mpango wa m-mama, inayopigwa bure kuomba usafiri wa dharura wa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga.

Jambo jingine ambalo mgeni husahau ni fomu ya polisi, PF3, inayodaiwa mtu anapojeruhiwa kwa ajali au ugomvi. Mwenye hali mbaya hutakiwa kuokolewa kwanza na fomu ifuate, lakini ni vyema ujue kituo cha polisi cha mtaa wako kiko wapi.

Tukishapata mahali, tumtafute mtu. Sisi Watanzania humwita daktari kila aliyevaa koti jeupe. Kwa kweli kuna tabibu, aliyesomea stashahada ya miaka mitatu. Kuna daktari, aliyesoma chuo kikuu miaka mitano na kufanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja chini ya usimamizi. Na kuna daktari bingwa, aliyeongeza miaka mingine mitatu au zaidi katika fani moja. Tabibu mzuri hutibu vyema maradhi mengi ya kila siku, na anajua wakati wa kukupeleka mbele. Ubaya ni mtu kujifanya asichokuwa. Ukiwa na shaka, fahamu kwamba madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi na wakunga husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kuuliza usajili wa mtu utakayemkabidhi mwili wako ni haki yako.

Lakini usajili pekee hautoshi. Daktari mwema utamjua kwa mambo matatu. Kwanza, anasikiliza kabla ya kuandika. Pili, anapima kabla ya kutibu, na hapa mtihani mzuri ni homa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ama kwa hadubini ama kwa kipimo cha haraka. Daktari anayekupa dawa ya malaria bila kipimo, au anayekupa dawa hiyo ilhali kipimo kimesema huna, hakutendei haki. Vivyo hivyo kwa "taifodi" inayotajwa kila homa ikipanda: kipimo cha Widal peke yake hakitoshi kuithibitisha. Tatu, anakueleza kwa Kiswahili unachokielewa: unaumwa nini, dawa hii ni ya nini, inamezwa kwa siku ngapi, na dalili gani zikurudishe haraka. Ukimpata wa namna hiyo, shikamana naye. Daktari anayekujua huhitaji dakika tano kugundua kwamba leo hauko kama siku zote. Asiyekujua hata saa nzima haimtoshi.

Naye daktari hawezi kukujua ukifika bila kumbukumbu. Kabla ya kuhama, omba muhtasari wa matibabu kwenye hospitali unayoiacha: ugonjwa, majina halisi ya dawa na vipimo vyake, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na dawa zinazokudhuru. "Natumia kidonge kidogo cheupe" si maelezo yanayomsaidia mtu. Kadi ya kliniki ya mtoto isafiri na mtoto. Mwenye kifua kikuu, ambaye dozi yake ya kawaida ni ya miezi sita, na anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, CTC, waombe barua ya uhamisho na dawa za kuwafikisha kwenye kituo kipya. Dawa hizo zikikatika, ugonjwa hupata nafasi ya kuwa sugu.

Juu ya malipo nitaandika kwa kirefu juma lijalo. Kwa leo nikumbushe moja tu. Machi 2024, kwa sababu ya mvutano wa bei mpya, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wenye kadi wakajikuta wanahamahama na wagonjwa wao. Kwa hiyo uliza mapema kama kadi yako inapokelewa pale ulipopachagua, na uwe na mahali pa pili, hasa hospitali ya umma.

Ndugu msomaji uliyehamia karibuni, usisubiri yakukute yaliyonikuta. Juma hili, kabla ya Jumapili, nenda kakione kituo cha afya kilicho karibu nawe kwa macho yako. Andika kwenye karatasi jina lake, hospitali yake ya rufaa, namba ya dereva unayemwamini na namba ya jirani wa kumgongea usiku. Ibandike karatasi hiyo nyuma ya mlango, na kila aliye nyumbani, hata dada wa kazi na mtoto anayejua kusoma, aoneshwe ilipo.